Everything: programu ya kutafuta mafaili ambayo siiachi tena

Kama laptopu yako ni ya Windows na kazi yako inazalisha maelfu ya mafaili, weka Everything kabla hujakimbilia kununua diski nyingine. Ni ya bure, ni nyepesi, na kazi yake kubwa ni moja: kutafuta faili kwa jina. Mimi hupiga picha na video za harusi na matanga hapa Kisumu, na programu hii hukaa wazi kwenye skrini yangu kutwa nzima.

Majuzi mama mmoja wa Ahero alinipigia simu. "Mwanangu, zile picha za mzee bado unazo?" Akiwa bado anaeleza mazishi yalikuwa lini, nilikuwa nimeshaandika "ahero 2019" na folda imetokea, iko diski D, ndani ya folda nyingine ambayo nisingeikumbuka kamwe. "Ninazo, mama. Nikuchapishie za ukubwa gani?" Majina hujitokeza kadiri unavyobonyeza herufi, bila kusubiri.

Kasi hiyo ina sababu. Diski ya NTFS, yaani mfumo wa kawaida wa Windows wa kupanga mafaili, hutunza orodha ya kila faili lililomo. Everything husoma orodha hiyo, kama mwalimu anayeshika rejista badala ya kuzunguka madarasani akihesabu vichwa.

Raha yake kamili utaiona diski ikijaa. Andika size:>1gb, panga kwa ukubwa, na zile video ghafi ulizozisahau zinajipanga juu kabisa. Ukitaka video peke yake, ext:mp4. Mimi nikimaliza kuhamisha kazi kutoka kwenye kadi ya kamera huandika dm:today, nipitie mafaili yaliyobadilishwa siku hiyo. Kadi siifuti kabla ya hapo. Harusi ya watu haipigwi mara mbili.

Sasa mipaka yake. Kwa kawaida hutazama majina, si yaliyomo ndani ya faili, na kamera huzipa picha majina kama DSC_0412, ambayo hayamsaidii mtu. Kwa hiyo folda ipe jina la maana siku ile ile ya kazi: mwaka, mahali, aina ya shughuli. Bila hivyo hakuna programu itakayokuokoa.

Kadi kubwa za kamera na diski nyingi za nje huja na mfumo mwingine wa kupanga mafaili, exFAT, na hizo haziingii zenyewe kwenye Everything. Lazima uziongeze kwenye mipangilio, sehemu ya Folders. Halafu kuna suala la herufi: diski ya nje inaweza kuwa E leo na G kesho, kutegemea ni nini kingine umechomeka. Ingia Disk Management, sehemu ya Windows ya kusimamia diski, uipe herufi ya mbali, tuseme P, na itabaki hiyo kwenye laptopu hiyo.

La mwisho ni zito kwa yeyote anayeketi na wateja mezani. Everything huonyesha majina ya mafaili yote, hata ya folda ulizozificha. Mteja aliye kando yako ataona majina ya shughuli za watu wengine, na mengine ni ya siri zao. Nenda Options, sehemu ya Exclude, uziondoe folda hizo kabla hujamkaribisha mteja kitini.