Maski ya macho ya kupasha moto, nimeitumia wiki 6

Wale wenzangu wa kuamka macho yamegandana kwa matongotongo, kope zinawasha na ukifikicha unahisi mchanga ndani, njooni. Mi nilikuwa naambiwa ni macho mekundu, ofisini watu wananikwepa, nimemaliza vichupa vya matone mpaka basi. Daktari wa macho akanichungulia kwa ile mashine ya kuegemeza kidevu akasema wala, huu ni uvimbe wa kope, kwa kawaida hauambukizi, pale ukingoni kuna vijitezi vya mafuta na hayo mafuta yakiganda kama samli ya Njombe asubuhi njia zinaziba, ndo maana machozi yanakauka haraka na chokea kila mwezi.

Akaniambia nikande kwa joto. Nilianza na taulo na maji ya moto ila dakika 2 limeshapoa unarudi tena jikoni, kero tupu. Hii maski nimeichukua Kariakoo elfu 25, ndani ina shanga shanga, unaitia kwenye maikrowevu, inakaa na joto dakika 10 bila shida. Ukitoa unakanda kope taratibu kwa kidole, ya juu unashusha ya chini unapandisha, halafu unafuta kwenye mashina ya kope kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa. Vile vigamba vilivyokuwa vinang'ang'ania kwenye vinyweleo viliisha kama wiki ya 3.

Kasoro sasa. Karatasi yao inasema sekunde 60, siku ya kwanza nusura nijibabue, maikrowevu yangu 20 zinatosha, jaribu kwanza kwenye mkono. Alafu kitambaa chake hakivuliki, huwezi kukifua, mtu una uchafu machoni unalalia hapo hapo kila siku?? Mi naizungushia leso safi.

Na haiponyeshi jumla, nikiruka siku 4 muwasho huo. Harusi ya dada nilibandika kope za bandia usiku mmoja tu, gundi ikanirudisha nyuma wiki nzima. Jicho likiuma kwelikweli, mwanga ukawa huuvumilii au ukaona ukungu, hapo achana na maski nenda hospitali.

Muuzaji naye alitaka kunipachika matone ya deksamethasoni eti yanang'arisha fasta, nikamwambia kaka asante, hizo ni steroidi, dawa kali za kuzima uvimbe, ukijinunulia tu bila daktari zinaweza kupandisha presha ya jicho.

Nyota 4. Nasikia zipo zenye ganda la zipu la kufua, siku nilipoenda zilikuwa zimeisha.