Sensa ya sauti ya mia mbili hamsini: kwa bei hiyo sawa, lakini jiandae

Kuna hoteli moja huku Malindi ya Wataliano, tarehe 31 Oktoba wanapiga pati ya Halloween, meneja akanitafuta akasema fundi nataka mzuka uinuke ndani ya jeneza watu wakipiga kelele. Nikamwambia hiyo kazi ndogo. Weee!

Mota nilikuwa nayo, ya waipa za Probox iliyokufa, 12V. Sensa nikanunua hapa hapa mjini, ile KY-038, kibao kidogo kina maiki mbele, aisi (chipu) ya LM393 ya kulinganisha volti na kiboksi cha buluu chenye skurubu juu ya kurekebisha usikivu. Maiki sina ubaya nayo, makofi ya hatua nne tano inashika. Shida ni hiyo skurubu. Unazungusha unazungusha hamna kitu, kumbe pahala pake ni padogo kama unywele, ukipitiliza taa inawaka tu haizimi, ukirudisha kidogo imekuwa kiziwi hata upige honi ya tuktuk. Karibu saa nzima niko na kibisibisi cha fundi saa, jasho linanitoka.

Halafu ujue inatoa pigo fupi sana, kofi moja taa inapepesa basi, mota haiwahi hata kuguna. Kwa hiyo katikati nikaweka 555, aisi ya kupima muda inayorefusha hilo pigo, na rezista ya kilo-ohm 47 na kapasita ya maikrofaradi 100, zidisha hizo mbili halafu kwa 1.1 unapata kama sekunde 5, ikitoka hapo inavuta relei, swichi inayowashwa na umeme, relei ndio ishike mota. Kuunga mota kwenye sensa moja kwa moja usijaribu, utaiunguza, na dayodi ya kuzuia umeme wa kurudi kwenye koili ya relei usisahau. Pia pima na mita kwanza, zingine zikisikia sauti volti zinapanda zingine zinashuka, na 555 inataka ya kushuka.

Sasa usiku wa kujaribu, mzuka ukainuka ukalala ukainuka ukalala, na watu wote kimya. Askari wa geti akarudi nyuma, "Ami, hili jeneza lina mwenyewe." Kumbe maiki iko ndani inasikia mota yake yenyewe! Nikatoa kibao chote, nikakivutia waya tatu mpaka nyuma ya chungu cha maua mbali kidogo, na maiki nikaivisha kipande cha sponji ya kuoshea vyombo maana upepo wa bahari nao ulikuwa unaiwasha. Ikatulia.

Siku yenyewe watoto walipiga mayowe vizuri sana, mpaka dijei akafungulia besi, basi mzuka ukacheza hadi saa saba usiku. Meneja alidhani nimepanga hivyo, akaniongeza elfu moja. Mimi nikanyamaza.

Nyota tatu na nusu, hiyo nusu imepotelea kwenye skurubu.