TAHADHARI: Muuza "seti ya kujaza risasi" anayejitangaza Kariakoo

Wakuu, heshima kwenu. Naandika kwa wenye bunduki za leseni, wawindaji na walenga shabaha, hasa mnaotamani kuanza kujaza risasi wenyewe, yaani kuunda risasi nyumbani kwa kutia baruti na kichwa kipya kwenye ganda lililokwishatumika. Kuna jamaa anauza "seti kamili ya anayeanza" kwa shilingi 950,000, anadai ana duka Gerezani. Nimezunguka siku mbili, duka hakuna.

Maneno anayo. Nilipomwambia bunduki yangu inatumia risasi aina ya .30-06 alijibu papo hapo, "Usijali mkubwa, dai zake ninazo." Dai ni vyuma vya kuumbia ganda, na kila aina ya risasi ina zake. Tukakutana Mtaa wa Msimbazi, boksi limezungushiwa selotepu kila upande, nikatuma pesa kwa simu. Nafika nyumbani Tabata nafungua, dai zimeandikwa .308 Winchester. Nampigia, ananiambia ni kitu kimoja. Si kitu kimoja! Kipenyo cha kichwa cha risasi ni sawa, na hapo ndipo anayeanza anaponaswa, lakini ganda la .308 lina urefu wa milimita 51 na la .30-06 milimita 63. Dai zile hazinifai kwa lolote.

Kilichonitia hofu zaidi ni mizani. Ni kale ka kiganjani, kanasoma kwa hatua ya gramu 0.1. Baruti ya risasi hupimwa kwa greni, na greni 1 ni kama gramu 0.065 tu, kwa hiyo hatua moja ya mizani ile ni greni moja na nusu. Mizani ya kazi hii inatakiwa ionyeshe hadi sehemu ya kumi ya greni. Nikaipeleka kwa sonara ninayefahamiana naye, akaweka jiwe lake la mizani la gramu 5. Ikasoma 5.0. Akaliondoa, akalirudisha: 5.2. Mara ya tatu 4.9. Akanitazama, akauliza, "Hii unapimia nini?" Nilishindwa kumjibu. Tofauti hiyo ya gramu 0.3 ni zaidi ya greni 4, kwenye ganda linalobeba greni 50 hivi. Ukiwa karibu na kiwango cha juu cha baruti, bunduki inaweza kukupasukia usoni.

Kitabu cha vipimo vya baruti hakimo kabisa, na hicho ndicho cha kununua kabla ya chuma chochote. Mashine ya kujazia nayo, anayeanza achukue ya hatua moja, ganda moja kwa mvuto mmoja, aone kila kinachotendeka. Yeye anakusukumia ile ya kuzunguka, eti inatoa risasi mamia kwa saa.

Halafu akaniambia baruti na fataki (kile kidude cha kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti) atanitumia kwa basi, vibali nisihangaike navyo. Baruti kwenye buti la basi lenye akina mama na watoto! Wakuu, kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kutengeneza risasi bila idhini ni kosa, hata kama bunduki yako ina leseni. Nilitakiwa nianzie polisi kuuliza, mimi nikaanzia kwa muuzaji. Msirudie kosa langu.

Namba ameshabadilisha, ila picha ya tangazo ni ileile: mashine ya kijani juu ya blanketi la maua mekundu. Mkiiona, msitume hata ya nauli. Mliokwishalipa, msifute ujumbe wa muamala. Wangu nimeuwasilisha kituo cha polisi pamoja na boksi lenyewe, na malalamiko yakiwa mengi itakuwa rahisi kumfuatilia.