Chama cha viwanda vyote au chama cha sekta yako?

Mwenye kiwanda akitaka kujiunga na chama, swali huwa lilelile: aingie chama mwavuli cha viwanda vyote, au cha sekta yake? Mfano wa chama mwavuli ni NAM, chama cha wenye viwanda wa Marekani, kilichoanzishwa 1895. Wa chama cha sekta ni VDMA ya Ujerumani, ya watengenezaji wa mashine, iliyoanzishwa 1892.

Kwa sauti mbele ya serikali, mwavuli unashinda. Kodi, umeme, bandari, sheria za kazi: haya yanamgusa kila mtu, na waziri humfungulia mlango haraka anayewasemea wengi. Ila ushuru wa chuma ukijadiliwa, mambo hugeuka. Mwenye kiwanda cha chuma anataka ushuru wa chuma cha nje upandishwe. Anayetengeneza majokofu kwa chuma hichohicho anataka ushushwe. Wote wamelipa ada. Hapo chama hutoa tamko laini lisilomsaidia yeyote.

Chama cha sekta hakipati kigugumizi hicho kirahisi. Kinajua viwango vya bidhaa yako, wataalamu wake hukaa kwenye kamati zinazoviandika, na mafunzo yake yanamfaa fundi wako moja kwa moja. Tatizo ni kwamba washindani wako wamekaa meza hiyohiyo, na sheria za ushindani zinakataza washindani kupanga bei pamoja.

Ada? Mara nyingi hufuata ukubwa wa mauzo, kote kuwili. Kinachouma zaidi, kwa maoni yangu, ni muda wa vikao.

Kiwanda kidogo kinachohangaika na viwango kianze na sekta. Anayeumizwa na kodi aende kwenye mwavuli. Wakubwa huingia kote.