Fildi ya fedha: ubaki Dodoma au upande treni kwenda Dar?

Likizo ndefu ikikaribia, mwanafunzi wa fedha pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) huwa na njia mbili za kufanya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Tawi la benki hapa Dodoma, au kampuni ya udalali wa hisa na ushauri wa uwekezaji Dar es Salaam.

Tawini utapanga mafaili ya mikopo na kuwasaidia wateja kujaza fomu. Jioni unarudi geto lako Ng'ong'ona kwa daladala.

Dar ni habari nyingine. Soko la hisa lilianza biashara mwaka 1998, na kampuni zilizoorodheshwa hazijafika hata 40, kwa hiyo kila taarifa ya mwaka inasomwa mpaka nukta. Utachimba mapato, madeni na gawio (faida wanayogawiwa wenye hisa), uingize kwenye Excel, uandike ripoti ya kusema kama bei ya hisa inastahili au imepaa bure. Kisha masahihisho ya ripoti yanakuja usiku: namba ya ukurasa wa 3 haioani na ya ukurasa wa 9. Mimi nilikesha kwa sababu ya koma moja! Wanafunzi wenzetu wanaofanya fildi kwenye benki za uwekezaji za New York na London hukesha hivyohivyo kwa wiki kama 10, ila wao wanalipwa vizuri, na wengi huondoka na barua ya ajira. Sisi tukipata nauli tunashukuru.

Mwaka wa kwanza, baki tawini. Wa tatu, nenda Dar, ilimradi una shangazi wa kukupa kitanda. Kodi ya chumba huko itakumaliza kabla ya hiyo Excel.