Fremu ipi inakufaa? Baiskeli za sokoni kwa mpangilio, kuanzia urefu wa mguu wako

Ukienda kuulizia baiskeli, swali la kwanza la muuzaji ni hili: unataka ya 26 au ya 28? Hiyo ni namba ya tairi. Haisemi lolote kuhusu fremu, na fremu ndiyo inayoamua kama utafika kazini salama au magoti yakiuma. Fremu hupimwa kuanzia katikati ya ekseli ya pedeli hadi juu ya bomba linaloshika siti. Baiskeli ya tairi 26 inaweza kuwa na fremu ya inchi 15 au ya inchi 20, na hizo ni baiskeli za watu wawili tofauti.

Kwa hiyo jipime kabla hujatoka nyumbani. Vua viatu, simama mgongo ukutani, miguu ikiachana kidogo. Bana kitabu kigumu katikati ya mapaja na ukipandishe mpaka kigote juu, kama vile umekalia siti. Mwenzako apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Usipime kwa mshono wa suruali, utapata namba ya uongo.

Zidisha namba hiyo kwa 0.67 upate fremu ya baiskeli ya mashindano, au kwa 0.57 upate fremu ya baiskeli ya milimani. Mwenye mguu wa sentimita 72 atapata 48 kwa ile ya kwanza na 41 kwa ya pili, yaani inchi 16. Kisha zidisha mguu huohuo kwa 0.883. Hesabu hii ilipata umaarufu kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda mbio za baiskeli za Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, nayo hukupa umbali kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi juu ya siti. Kwa mguu wa 72 ni sentimita 63.6. Ikumbuke namba hiyo, tutairudia.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia inayofaa zaidi, kwa mtu wa kimo cha kawaida anayekwenda kazini, shuleni au sokoni.

Ya kwanza ni mtumba wa Japani wenye fremu iliyoinama, ile inayoitwa ya kike. Wanaume wengi huipita bila kuitazama, na nadhani wanajinyima. Hakuna chuma cha kuruka, siti inashuka sana, mgongo unakaa wima, na mara nyingi inakuja na madigadi na keria yake. Wa futi tano na wa futi tano na nusu wanaweza kuitumia katika nyumba moja kwa kupandisha na kushusha siti tu. Kasoro yake ni mzigo mzito: ukifunga gunia nyuma, fremu inayumba.

Ya pili ni mtumba wa milimani. Hapa utakuta saizi imebandikwa kwenye bomba la siti: 16, 18, 20, au herufi S, M, L. Herufi usiziamini, kila kiwanda kina M yake, toa futi kamba upime. Halafu simama ukiwa umepitisha miguu pande zote mbili za chuma cha juu, nyayo zikiwa chini. Kwa barabara ya lami nafasi ya sentimita 3 inatosha. Kwa njia ya mawe na makorongo, tafuta 5 au zaidi.

Ya tatu ni Phoenix ya tairi 28, fremu ya inchi 22. Kwa kubeba madumu ya maji haina mpinzani, na vipuri vyake viko hadi vijijini. Lakini inchi 22 ni sentimita 56, na ekseli ya pedeli yenyewe iko karibu sentimita 30 kutoka ardhini. Hata ukipunguza kidogo kwa sababu bomba la siti limelala, chuma cha juu kinafika sentimita 80 hivi. Mwenye mguu wa 72 hawezi kusimama juu yake.

Fremu ya inchi 24 naiweka mwisho kabisa, isipokuwa kwa mtu mrefu kweli. Bomba lake pekee ni sentimita 61. Rudi kwenye ile 63.6: siti na springi zake haziwezi kuenea kwenye sentimita mbili na nusu zilizobaki. Hata ukiishusha mpaka mwisho, utakuwa unanyoosha vidole kutafuta pedeli, na nyonga zitayumba huku na huku kila mzunguko.

Ukibaki katikati ya saizi mbili, chukua ndogo. Siti hupandishwa, chuma cha juu hakishushwi. Ila nguzo ya siti ina alama ya mwisho iliyochorwa, usiivuke, maana inaweza kukatika au kupasua fremu. Kwenye mtumba, mwambie fundi ailegeze na kuichomoa nguzo yote mbele yako kabla hujalipa: nyingine zimeshikwa na kutu humo ndani, nyingine zimekatwa fupi.