Kizibo cha Amplatzer kwenye kifuko cha Valsalva kilichopasuka

Amplatzer Duct Occluder kilibuniwa kuziba mshipa unaobaki wazi baada ya mtoto kuzaliwa. Kwenye kifuko cha Valsalva kilichopasuka, pale juu tu ya valvu ya aorta (mshipa mkuu unaotoka moyoni), kinatumika nje ya maelezo ya kiwandani, na kazi hiyo kinaiweza, mradi tundu limepimwa vizuri.

Dalili zenyewe hazijifichi: pumzi inabana ghafla, presha ya chini inashuka, kifuani kuna mvumo usiokatika. Kwenye eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), tazama mzizi wa aorta kwa mkato wa kukingama. Ukuta uliopasuka huning'inia kama kidole cha glovu, mara nyingi ukitoka kifuko cha kulia kuingia ventrikali ya kulia (chumba cha chini cha moyo), na rangi ya Doppler, inayoonyesha mkondo wa damu, inaendelea moyo ukisinyaa na ukilegea. Rangi ikitokea hasa moyo unaposinyaa, shuku tundu la ukuta wa kati ya ventrikali. Yakiwepo yote mawili, mpe mpasuaji. Vivyo hivyo kukiwa na maambukizi, au valvu ya aorta inavuja sana.

Pima mdomo wa upande wa aorta, si ncha iliyopasuka (kosa hili ndilo linaloharibu kazi nyingi), kisha ongeza milimita 2 hadi 4. Mdomo wa milimita 7 hupewa kizibo cha 10/8 (milimita 10 upande wa aorta, 8 upande wa pili). Kikiwa kidogo huchomoka na mkondo. Kikiwa kikubwa husukuma pazia la valvu au huziba mdomo wa koronari, mshipa unaolisha moyo wenyewe.

Waya hutoka aorta, hupita tunduni, hunaswa kwa kitanzi na kutolewa kwenye vena ya kinena. Mrija hupanda juu ya waya huo kutoka venani hadi ndani ya aorta. Kofia (sahani pana ya kizibo) ifunguliwe hapo, ivutwe taratibu mpaka ikae, ndipo shingo (sehemu nyembamba) ifunguliwe tunduni. Usifungue skrubu ya kebo inayoshikilia kizibo kabla ya kupiga picha ya aorta na kuangalia eko ya umio. Hapa ndipo kizibo hiki kinapostahili sifa: kisipokaa sawa, kinarudi mrijani na kubadilishwa.

Udhaifu wake ni uvujaji unaobaki. Damu ikipenya wavu kwa kasi, chembe nyekundu hupasuka na mkojo huwa kama chai ya rangi. Uvujaji mdogo kwa kawaida hujifunga. Mkojo ukizidi kuwa mweusi na kiwango cha damu mwilini kikishuka, kizibo kitolewe. Rafuni wekeni pia saizi moja juu na moja chini ya iliyopangwa.